Mstari wa Tisa

Wiki niliyokabidhi funguo, vijana wa mapokezi ya nafaka waliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo katika kitabu cha mafunzo. Mishahara na vyeo nitaviruka, kwa kuwa vyote vilikuja kwa kuchelewa. Naitwa Nafula. Nimekagua mahindi ya watu kwa miaka ishirini na kitu, kwanza Kitale, kisha Bungoma, katika kampuni ya kusaga unga ambayo siitaji jina kwa sababu imekwisha kuuzwa mara mbili na wenyewe wa sasa hawana hatia.

Niliripoti kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini, asubuhi ya baridi, nikitokea chumba nilichopanga mtaa wa Matisi. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Mkaguzi mkuu, Mzee Ndiwa, mtu wa Kapsokwony mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa, aliviangalia akasema, "Hivyo utalia navyo kufika mchana." Nililia navyo saa nne.

Ndiye aliyenikabidhi bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, ambacho unalichoma nacho gunia ili mahindi ya ndani yatoke bila kulifungua. Alinifundisha kuchoma juu, katikati na chini kabisa, kwa kuwa mkulima mjanja huweka yaliyokauka juu. Alinifundisha kuuma punje. Ikipasuka kwa mlio, ni kavu. Ikibonyea, mwambie mwenyewe arudi nyumbani akaanike, na umwambie kwa heshima maana ametoka mbali. Mashine ya kupima unyevu tulikuwa nayo, ila ilichukua likizo nyingi kuliko sisi.

Ndiwa hakukosa kazi hata siku moja. Nilidhani ana afya ya simba, nikamuuliza siri yake.

"Mimi huugua Jumapili," alisema. "Na wewe jifunze hivyo. Hapa ukiugua Jumatatu, unaandikwa."

Sikumwelewa mpaka nilipoiona fomu ya tathmini. Ilikuja kila Novemba, kwa Kiingereza, na ilikuwa na mistari kumi. Kufika kwa wakati, nidhamu, ujuzi, uaminifu, na kadhalika. Mstari wa tisa uliuliza juu ya afya ya mfanyakazi, kwa maoni ya msimamizi wake. Si kwa maoni ya daktari. Msimamizi alikuangalia tu, kama mimi nilivyoangalia mahindi, akaandika.

Mwaka wangu wa pili pale nilikuwa nimeolewa na mwalimu. Mimba yangu ya kwanza iliharibika katika mwezi wa nne. Mwaka uliofuata ikaharibika nyingine. Mara zote mbili nilipeleka karatasi ya hospitali ofisini, kwa sababu bila karatasi ulihesabiwa mtoro. Novemba ilipofika, meneja wetu, Bwana Lusweti, aliniita.

Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu wa kwaya, mtu wa kufika matangani kabla ya wenyewe. Alinisomea fomu yangu kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na karani wake akipiga chapa mle mle ndani.

"Mstari wa tisa," alisoma. "Mimba zake hazikai. Zimeharibika mbili. Asipewe mafunzo ya nje wala safari mpaka hali yake ijulikane."

Mashine ya kupiga chapa ilinyamaza.

"Bwana meneja, hiyo si ya kuandikwa," nilisema.

"Nimekuandikia uhurumiwe, Nafula. Si ati nakuchukia. Weka sahihi hapo chini."

Niliweka sahihi. Sina cha kujitetea. Kufika saa ya chakula, akina mama washonaji wa magunia walikuwa wakiliangalia tumbo langu, na mmoja wao kesho yake aliniletea mizizi ya kuchemsha, imefungwa katika gazeti, kwa nia njema kabisa. Mafunzo alipewa mwingine. Baadaye Mungu alinijalia watoto wawili. Hao hawakuandikwa popote.

Tangu siku hiyo niliiogopa Novemba. Karani akipita na faili kwapani, nilijifanya nahesabu magunia. Nikajifunza kuugua Jumapili. Nilifanya kazi na malaria mwilini, na mara moja nilipitisha lori zima la mahindi yenye kuvu kwa sababu homa ilikuwa imeniondolea harufu zote. Ndiwa aliligundua kabla halijamwagwa, akalirudisha, akasema ni yeye aliyelikagua. Nilipomshukuru alinijibu, "Nenda nyumbani ulale, mama. Nitasema nimekutuma." Alistaafu mwaka uliofuata. Waliandika kwamba macho yake yamechoka. Hakuna aliyemuuliza kama anaona.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilihamishwa kwenda Bungoma kusimamia mapokezi ya huko. Kulikuwa na wafanyakazi kumi na wanne, mizani moja ya malori, bohari mbili, na kinu kidogo kilichopiga kelele kama kikubwa. Novemba ya kwanza fomu zikaja ndani ya bahasha ya kaki, na safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Katika mstari wa tisa niliandika "nzuri" kwa watu wote kumi na wanne, pamoja na mzee mmoja mwenye ngiri ambaye hakuweza kuinua hata debe. Miaka mitatu nilifanya hivyo, nikijiona jasiri. Kumbe nilikuwa nakwepa tu.

Sasa niwaeleze juu ya Makokha.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, kutoka upande wa Misikhu, mrefu, mpole, mwenye utani na wakulima. Kazi yake ilikuwa shimoni. Shimo lenyewe ndimo mahindi humwagwa, na chini yake kuna parafujo kubwa ya chuma inayoyasukuma kuelekea kinuni. Juu lilifunikwa kwa vyuma vilivyolazwa sambamba ili mahindi yapite na mtu asipite. Letu lilikuwa limepoteza vyuma vitatu. Nilikuwa nimeiandikia ofisi ya Kitale mara mbili kuomba vingine. Makokha alisimama ukingoni na kisu, akikata nyuzi za magunia na kuyamwaga, kutwa nzima.

Siku moja ya soko, mwezi wa Septemba, mwanamke mmoja alisimama langoni na kapu la ndizi kama anayeuza. Alisubiri mpaka Makokha alipoingia bohari, ndipo akanijia.

"Madam, mimi ni Rosa, mke wa Makokha. Naomba tuongee kidogo. Na usimwambie nimekuja."

Nilimwingiza ofisini. Alikataa kukaa.

"Mume wangu huanguka," alisema.

"Huanguka vipi?"

"Kifafa. Iko naye tangu utoto. Dawa hupewa kwa hospitali ya misheni, lakini saa zingine inaisha na hana siku ya kuenda. Jumamosi ameanguka jikoni. Kama moto ingekuwa inawaka..." Hakumaliza. "Mtoe tu hapo kwa shimo, Madam. Lakini usiandike. Wakiandika watamfukuza, na watoto ni watatu."

Aliacha ndizi juu ya meza yangu akaondoka.

Kuanzia siku hiyo sikupata utulivu. Dirisha langu lilitazama shimo. Nilikuwa nikijaza kitabu cha mizani jicho moja likiwa nje. Kinu kikibadilisha mlio kidogo, hata kwa kokoto tu, nilijikuta nimesimama. Nilianza kubuni safari za kumtoa pale. Nilimtuma posta, nikamtuma ahesabu magunia matupu ambayo nilikuwa nimeyahesabu mwenyewe, nikamtuma akafagie ua uliokuwa umefagiliwa. Alirudi kila mara, akachukua kisu chake, akasimama ukingoni.

Siku moja aliniuliza, "Madam, kwani nimekosa nini? Kila saa natumwa kama mtoto."

"Hujakosa kitu," nilisema, na nikajiona mwongo, kwa maana sikuweza kumwambia ninachokijua bila kumtaja aliyeniambia. Nikiandika, atafukuzwa. Nisipoandika naye akianguka shimoni, nitakuwa mimi niliyejua. Nyumbani niliacha sahani ikiwa imejaa. Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nami nikamjibu kwa ukali kwamba sitaki kuulizwa habari za afya yangu.

Novemba ikaja. Bwana Lusweti alipiga simu kutoka Kitale.

"Nafula, mwaka huu mstari wa tisa usiniletee hiyo nzuri, nzuri yako. Watu kumi na wanne wote wazima, wapi na wapi? Nataka maelezo. Kampuni inataka kujua watu wake."

"Nitaandika, bwana meneja."

Niliiweka fomu ya Makokha mbele yangu. Niliandika kwa penseli nikafuta, nikaandika nikafuta, hadi karatasi ikawa nyembamba pale mahali. Mwishowe nilifanya jambo ambalo lilistahili kufanywa Septemba. Nilimwita, nikafunga mlango, nikampa kiti.

"Makokha, nimejua jambo kukuhusu ambalo hukuniambia wewe."

Aliiangalia fomu. "Ni nani alikuambia?"

"Hilo sitakuambia. Nakuuliza wewe mwenyewe."

 Nilisikia magunia yakidondoka nje, moja, mawili, matatu.

"Umeshaandika?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa unaniuliza ya nini? Andika tu. Kule nilifanya kazi kabla ya hapa waliandika. Nilipewa barua siku hiyo hiyo, na wenzangu wakatupa kikombe nilikuwa nakunywia chai."

"Nakuuliza unataka nini."

"Nataka kazi." Aliinamia mikono yake. "Na nikuambie ukweli, Madam. Hilo shimo naliogopa. Kila asubuhi naliogopa. Lakini nikisema naogopa, si utaniuliza kwa nini?"

Nimefanya kazi na watu wengi, na hakuna neno lililonichoma kama hilo. Mtu alikuwa akisimama kila siku ukingoni mwa kifo chake kwa kuhofia mstari mmoja wa fomu, na mimi nilikuwa nikimwangalia kupitia dirishani kwa kuuhofia mstari ule ule.

Tulikubaliana. Ataondoka shimoni aje langoni, nimfundishe kukagua. Siku ya dawa ataenda hospitali bila kuulizwa. Kisha nikachukua kalamu ya wino, nikaandika mbele yake: "Aulizwe mwenyewe. Shimo la kumwagia mahindi limepungukiwa vyuma vitatu. Mtu yeyote, mzima au mgonjwa, atakayeteleza hapo hatatoka." Nikaweka sahihi haraka, kabla ujasiri haujanikauka.

Siku tatu baadaye pikapu ya kampuni iliingia. Bwana Lusweti alishuka na ile fomu mkononi, hata salamu hakutoa vizuri.

"Hii ni nini? Huyu mtu ana nini?"

"Imeandikwa hapo, bwana meneja. Aulizwe mwenyewe."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Siwezi kuujibia mwili wa mtu mwingine," nilisema. 

Aliamuru Makokha aitwe. Makokha alikuja na vumbi lake, akasimama.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Ndiyo, bwana meneja. Niko na kifafa."

Lusweti alirudisha kiti chake nyuma kidogo. Nadhani hakujua kwamba amefanya hivyo, lakini sote wawili tuliona.

"Na ulikuwa unasimama pale kwa shimo?"

"Nilikuwa. Madam alinitoa."

Alinigeukia. "Umejua tangu lini?"

"Septemba."

"Miezi miwili unaficha kitu kama hiki. Akianguka hapo ndani, ni nani atajibu?"

"Mimi," nilisema. "Na wewe pia, bwana meneja. Barua zangu za kuomba vyuma ziko kwako."

 Alisema tusubiri barua zetu, akaondoka bila kunywa chai, na kwetu mtu akikataa chai mjue mambo ni mabaya.

Tulisubiri wiki mbili. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilinitoa hadi langoni. Katika muda huo Makokha alienda kwa daktari wa misheni akarudi na barua ya kupeleka kwa kampuni. Nilitarajia kuona maelezo marefu na jina la ugonjwa. Ilikuwa na sentensi mbili tu. Mwenye barua hii anaweza kufanya kazi zote zisizo za kupanda juu, mbali na mashine zinazozunguka na mashimo yaliyo wazi. Aruhusiwe kufika kliniki mara moja kwa mwezi.

Niliisoma mara tatu. Daktari, aliyejua yote, hakuandika ugonjwa. Aliandika kazi. Ndugu zangu, kama mtalichukua jambo moja tu katika maandishi haya, lichukueni hilo, maana mimi lilinichukua miaka kumi na kidogo. Niliituma Kitale siku hiyo hiyo.

Barua iliyokuja ilikuwa yangu peke yangu. Onyo, kwa kuficha habari muhimu. Imo katika faili langu hadi leo. Makokha hakupata barua yoyote, ya kheri wala ya shari. Na pikapu iliyoleta onyo langu ilileta vyuma vitatu na fundi wa kuchomelea. Hakuna aliyetoa maelezo. Ningependa kusema kwamba meneja aliguswa moyoni. Nashuku aliogopa neno "hatatoka" likiwa na sahihi yangu chini yake.

Makokha aliishika kazi ya lango upesi. Alikuwa na pua nzuri kuliko yangu. Lakini mwezi wake wa pili pale alianguka, asubuhi, mbele ya foleni ya wakulima. Nilisikia kelele nikatoka mbio. Wapakizi, watu sita wenye nguvu za kubeba gunia la kilo tisini kila mmoja, walikuwa wamekimbilia ukutani. Siku zile wengi waliamini povu la kifafa linaambukiza. Nilipiga magoti, nikamlaza ubavu, nikavua sweta nikaliweka chini ya kichwa chake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona, na sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Alipozinduka aliangalia huku na huku, akawaona wenzake walivyosimama mbali, akafumba macho tena. Nilimtafutia mtu wa kumfikisha nyumbani. Nilijua hatarudi.

Jumatatu alirudi. Shati lilikuwa limepigwa pasi.

"Madam, kabla lori ya kwanza iingie, nataka kuongea na hao watu."

"Unaonaje nikiongea mimi?"

"Hapana. Ni yangu."

Niliwaita wapakizi uani. Niliogopa kuliko siku niliyokabiliana na Lusweti, kwa kuwa meneja angeweza kumfukuza mara moja tu, lakini hawa wangeweza kumfukuza kila siku.

"Mliniona Ijumaa," Makokha alisema. "Ni kifafa. Nilikuwa nayo hata kabla niwajue. Nakunywa dawa, lakini inaweza kunipata tena. Ikinipata, msinishike kwa nguvu, na msinitie kijiko kwa mdomo. Nilaze kwa ubavu, toa vitu ngumu karibu, ngojea. Nitaamka mwenyewe."

 Kisha Wafula, mkubwa wao kwa umri, akauliza, "Na ile povu? Si inashika mtu?"

"Mke wangu ni miaka tisa tunakula sahani moja. Haijamshika."

Wafula alikuna shingo. Wengine walimwangalia yeye, na mimi nilimwangalia yeye.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini sisi tulikimbia, bana. Hiyo si vizuri." Kisha akanigeukia. "Madam, lori iko kwa geti. Tufungue?"

Tukafungua.

Miezi kadhaa baadaye niliitwa mkutanoni Kitale kwa siku moja. Niliporudi kesho yake, karibu na adhuhuri, nilimkuta Makokha langoni akikagua kama kawaida, ila upande wake wa kushoto, kuanzia begani hadi kiunoni, ulikuwa umejaa nyuzi za magunia, kama mtu aliyelala juu ya magunia. Jicho lake lilikuwa zito. Nilimwita Wafula kando.

"Kuna kitu kilitokea nikiwa sipo?"

"Hapana, Madam."

"Hata kidogo?"

"Kazi imeenda tu vizuri." Alinitazama usoni bila kupepesa. Nyuma yake wale watano wengine waliinamia magunia kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona.

Walikuwa wakinificha. Watu wale wale waliokimbilia ukutani walikuwa wamemzunguka mwenzao, na aliyekuwa nje ya duara ni mimi. Kwao mimi nilikuwa mwenye fomu. Nilisimama pale nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja, nikasema, "Vizuri," nikaingia ofisini.

Sikumuuliza Makokha. Nilikaa mezani mchana wote nikijizuia kumwita, na kila aliyepita dirishani nilidhani ni yeye. Saa kumi na moja kasoro alibisha hodi.

"Madam, leo asubuhi nilianguka," alisema. "Hawa wamekataa kukuambia. Usiwakasirikie. Nilitaka uisikie kwangu."

"Uliumia?"

"Hapana. Walinilaza kwa magunia."

"Unataka kesho upumzike?"

Alifikiria. Nilimwacha afikirie.

"Kesho nipumzike," alisema. "Kesho kutwa nitakuja."

Nikachukua kitabu cha zamu nikaandika jina lake na neno moja mbele yake, ruhusa, nikamgeuzia aone nilichoandika.